Raba Zimekataa Rangi: Kusoma Dalili Kabla ya Kukoroga Rangi Nyingine

Mtu aliyetia rangi viatu vya kitambaa nyumbani akaona mabaka, au weupe uliokataa kuondoka, mara nyingi hukimbilia kukoroga rangi nyingine iliyo kali zaidi na kuirudishia juu ya ile ya kwanza. Kwa kufanya hivyo, kasoro ambayo ingeondoka kwa ndoo mbili za maji safi huzikwa chini ya tabaka la pili, na chanzo chake hakijulikani tena. Mwongozo huu unafuata njia iliyo kinyume: unaanza na kile kinachoonekana kwa jicho na kuguswa kwa kidole, unarudi nyuma hadi kwenye chanzo, na ndipo unapotaja tiba. Umeandikwa kwa kuzingatia hali ya Tanga mjini, kwa kuwa maji yetu, unyevu wa hewa yetu na bidhaa zilizomo madukani mwetu huchangia makosa haya kuliko watu wengi wanavyodhani.

Viatu vinavyozungumziwa ni raba za turubai na viatu vyepesi vya kitambaa vyenye soli ya mpira. Wapo wazazi wanaonunua raba nyeupe za mtumba zilizo imara bado na kuzitia weusi kwa ajili ya shule, na wapo vijana wanaotaka tu kuirudishia uhai raba iliyofifia. Kazi zote mbili zinastahili kufanywa kwa uangalifu ule ule, kwa sababu turubai nzuri ya pamba ikitendewa haki hudumu kwa miaka.

Rangi imekataa kabisa, au imeshika kwa uhafifu

Hii ndiyo dalili yenye vyanzo vingi kuliko nyingine zote. Kiatu kimelowekwa katika buluu iliyokoza, kimesuuzwa, na kilichobaki ni buluu iliyopauka. Au maji ya kusuuzia yameondoka na karibu rangi yote. Kabla ya kuilaumu rangi, chunguza kitambaa. Chomoa uzi mfupi mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya ukingo wa ulimi wa kiatu, ushike kwa koleo na uuchome mbali na kitu chochote kinachoweza kuwaka. Uzi wa pamba huwaka kwa haraka, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha jivu laini la kijivu linalosagika kwa kidole. Uzi wa poliesta au wa nailoni hujikunja kuukimbia moto, huyeyuka, na ukishapoa huacha punje ngumu. Ukipata jivu pamoja na punje, una kitambaa cha mchanganyiko cha aina ya tetroni.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mambo. Rangi za nguo tunazozipata kwa urahisi, yaani za batiki, za unga za maji baridi, na za maji ya moto na chumvi, zimetengenezwa kwa ajili ya pamba na nyuzi za jamii yake. Poliesta haizipokei, rangi zake ni za aina nyingine kabisa, nazo hudai maji yanayokaribia kuchemka kwa muda mrefu, joto ambalo gundi ya kiatu haiwezi kulivumilia. Nailoni hupokea rangi zinazotiwa siki, lakini nazo pia zinataka joto kali. Kiatu cha poliesta tupu, basi, hakina dawa ya kuloweka nyumbani, na kinachokifaa ni rangi ya kupaka juu. Kiatu cha tetroni hushika nusu, kwa sababu nyuzi za pamba zimekolea na za poliesta zimebaki nyeupe katikati yake. Hapo uhafifu wa rangi ni ukomo wa kitambaa chenyewe, na hata ukirudia mara nyingi hutaupita.

Ikiwa uzi umeonyesha kuwa ni pamba na bado rangi imekataa, dondosha tone la maji juu ya turubai iliyokauka. Tone likinywewa mara moja, kitambaa kiko wazi. Likikaa juu na kuviringika, kuna kitu kinachokizuia: wanga au dawa ya kuzuia maji iliyowekwa kiwandani, mafuta, au rangi ya kung'arishia viatu ambayo mwenye kiatu wa kwanza aliipaka. Tiba ni kuosha kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya unga na mswaki wa zamani, kusuuza mpaka povu liishe, kukausha, kisha kurudia tone la maji. Baadhi ya dawa za kuzuia maji hazitoki hata ukisugua siku nzima, na ni heri kulijua hilo kwa tone moja kuliko kwa pakiti nzima ya rangi.

Baada ya kitambaa, iangalie aina ya rangi. Pwani yetu ina rangi za unga za kupikia ukili wa mikeka, zenye wekundu, zambarau na kijani kinachong'aa kwa namna ya kupendeza. Ukili ukichemshwa ndani yake hukolea vizuri, na mkaaji wa Tanga aliyekulia karibu na mama anayesuka mikeka hudhani kwa haki kabisa kwamba turubai nayo itakolea. Nyingi za rangi hizo hukaa juu juu kwenye pamba, hutoka kwa maji, na kilichobaki hufifia juani. Rangi za chakula nazo hazina mshiko wowote kwenye pamba, ziwe zimetiwa siki au chumvi.

Rangi za unga za maji baridi ndizo ninazozipendekeza kwa viatu, kwa kuwa hazihitaji joto, lakini zina sharti moja lisilokwepeka: bila soda ashi, ule unga mweupe wa kutengenezea sabuni, haziungani na uzi. Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa sababu hutumia magadi ya mawe, yale ya kupikia makande, wakidhani kuwa ni kitu kile kile. Magadi ya mawe ni mchanganyiko wa soda ashi na soda nyingine iliyo dhaifu, pamoja na uchafu wa udongo, kwa hiyo ukali wake hautoshi na haupimiki. Nunua soda ashi kwa wauzaji wa malighafi za sabuni. Gramu 50 hadi 60 katika lita moja ya maji zinatosha. Loweka kiatu kilichokwisha kuoshwa kwa dakika 15 hadi 30, kikamue kwa taulo kuukuu, kisha ndipo upake au umwagie rangi. Kifunike kwa mfuko wa plastiki usiku kucha kikiwa kimelowa, kwa maana rangi hii hufanya kazi yake penye unyevu tu, na kiatu kilichokauka baada ya saa moja kimekatiza kazi katikati. Joto la Tanga linatusaidia hapa. Mahali penye baridi kazi hiyo hiyo ingetaka muda mrefu zaidi. Kumbuka pia kwamba rangi iliyokwisha kuchanganywa na soda huanza kuungana na maji yenyewe, na baada ya saa chache huwa imechoka hata kama kwa macho bado ni nzito. Iliyobaki jana haifai leo.

Uhafifu wa weusi una sababu yake ya ziada. Nyeusi hudai unga mara mbili hadi nne ya ule unaotumika kwa rangi nyingine, na kitambaa kilicholowa daima huonekana kimekolea kuliko kitakavyokuwa kikikauka. Usihukumu weusi kabla kiatu hakijakauka kabisa.

Mabaka, michirizi na vidoa

Mabaka makubwa yenye kingo laini hutokana na rangi kuingia kwenye kitambaa ambacho sehemu zake nyingine zilikuwa kavu na nyingine mbichi. Kiatu kinapaswa kuwa na unyevu ulio sawa kote kabla ya brashi ya kwanza kukigusa. Turubai ya kwenye pua na ya kisiginoni ina kitambaa kigumu kilichogandishwa kwa ndani, hivyo hunywa polepole kuliko ya ubavuni. Anza na sehemu hizo, zirudie, na ubavu uuache wa mwisho.

Michirizi iliyokoza kando ya mishono na kwenye ukingo wa juu, hali katikati pamepauka, ni dalili ya ukaushaji mbaya. Maji yanapokauka husafiri kuelekea sehemu ambayo hewa huyanyonya kwa haraka zaidi, na rangi ambayo haijashika husafiri pamoja nayo na kuachwa ukingoni. Watu hukianika kiatu juani ili kikauke upesi, na jua ndilo linaloharakisha safari hiyo. Suuza kwanza rangi yote isiyoshika, kisha kizungushie kiatu kitambaa cheupe kikavu kilichobanwa vizuri, ukianike kivulini penye upepo. Rangi na mabaki ya sabuni vitahamia kwenye kitambaa cha nje badala ya kukusanyika kwenye mshono. Ndani ya kiatu jaza vitambaa vyeupe vikuukuu. Magazeti huacha wino wake kwenye bitana.

Vidoa vidogo vyenye rangi kali kuliko kiatu kizima ni punje za unga ambazo hazikuyeyuka. Koroga unga kwa maji kidogo ya vuguvugu mpaka upate uji laini, ongeza maji kidogo kidogo, kisha uchuje kwa kitambaa chepesi. Kidoa kikishaingia, hakitoki; kinachowezekana ni kukoleza kiatu kizima mpaka kidoa kisionekane.

Kuna mabaka ya aina nyingine ambayo chanzo chake ni maji. Mji wetu umekaa katika eneo la mawe ya chokaa na matumbawe, na mapango ya Amboni nayo ni ya mawe ya chokaa, hivyo visima vingi hutoa maji magumu, vingine vya karibu na bahari vikiwa na chumvi juu yake. Maji magumu yakikutana na soda ashi huangusha unga mweupe wa chokaa, na unga huo hutua kwenye kitambaa na kuifubaza rangi. Utayajua kwa sabuni isiyotoa povu na kwa ukoko mweupe ndani ya birika. Maji ya bomba, ambayo Tanga huyapata kutoka Mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, ni chaguo bora kuliko ya kisima cha uani, na bora zaidi ni maji ya mvua, yakikingwa baada ya mvua za kwanza kuliosha paa. Wakati wa vuli na masika mtu anayependa kazi hii hana sababu ya kutumia maji mengine kukorogea rangi, hata kama atasuuza kwa yale ya bomba.

Mstari mweupe juu ya soli, na mishono isiyokolea

Mstari mwembamba wa weupe unaofuata soli ni gundi ya kiwandani iliyopanda kwenye turubai na kuziba matundu yake. Hakuna rangi ya kuloweka itakayopita hapo. Mishono iliyobaki myeupe juu ya kiatu cha pamba imeshonwa kwa uzi wa poliesta, na jibu lake ni lile lile. Ama uiache kama pambo, na wengi huiona inapendeza, ama uifuate kwa kalamu ya rangi ya nguo au brashi nyembamba sana.

Rangi iliyotokea siyo iliyotarajiwa

Rangi za kuloweka hupenyeza mwanga; haziifuniki rangi ya chini, bali huungana nayo. Buluu juu ya manjano huleta kijani, na nyekundu juu ya kijani huleta hudhurungi chafu. Huwezi kwenda kutoka rangi nzito hadi nyepesi bila kwanza kuitoa ile ya awali.

Aliyetumia rangi ya batiki asishtuke mapema. Rangi hizo huyeyushwa kwa kostiki (soda kali inayounguza) na haidrosalfaiti (kemikali ya unga inayoondoa rangi), na zikiwa ndani ya beseni nyingi huwa na sura tofauti kabisa na ile ya mwisho; hewa ndiyo inayozirudisha kwenye rangi yake, kwa hiyo kiache kiatu wazi kwa nusu saa kabla ya kutoa hukumu. Zikishashika, hazitoki kwa kufuliwa. Pamoja na uzuri huo, mimi husita kuzitumia kwa viatu, kwa sababu kostiki huunguza ngozi na macho, na mara nyingi hutakiwa maji ya moto ambayo soli haiyataki. Anayezitumia avae glavu, afanye kazi uani penye hewa, aimwage kostiki ndani ya maji wala si maji juu ya kostiki, na awaweke watoto mbali.

Nyeusi inayogeuka zambarau au kijani kwenye kingo imejitenga. Unga mweusi mara nyingi ni mchanganyiko wa rangi kadhaa, na kila moja husafiri kwa mwendo wake kitambaa kikiwa na maji mengi kupita kiasi. Kipe kiatu soda ashi ya kutosha, kikamue vizuri kabla ya rangi, na usiongeze maji wakati kimefunikwa.

Rangi inayofifia ndani ya saa chache baada ya kushika vizuri, hasa kwa kiatu kilichong'arishwa kwanza kwa jiki, inaliwa na jiki iliyobaki ndani ya nyuzi. Suuza mara nyingi kabla ya kuanza, mpaka harufu ya jiki isisikike kabisa kwenye kiatu kilicholowa. Usijaribu kuiua jiki kwa siki: viwili hivyo vikikutana hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu.

Na sufuria pia ina lake. Masufuria yetu mengi ni ya alumini, na soda ashi, na hasa kostiki, huila alumini. Maji huchafuka, ukali wa soda hupungua na rangi hufubaa. Tumia ndoo au beseni la plastiki. Wanaopenda rangi za asili, kama maji ya magome ya mkoko yanayotoa wekundu wa udongo, wataona madoa meusi yakizunguka matundu ya kamba: ni chuma cha vijicho, yaani vile vipete vya matundu hayo, kinachokutana na utomvu wa magome. Vipake vijicho mafuta ya mgando kabla ya kuanza, na magome usiyakate mwenyewe, kwa kuwa misitu ya mikoko imehifadhiwa kisheria.

Rangi inachafua soksi na miguu

Pitisha kitambaa cheupe kilicholowa juu ya kiatu. Kikichafuka, kuna rangi iliyokaa bila kuungana na uzi. Ushauri unaotolewa kila mtaa ni kuloweka kiatu katika chumvi na siki ili rangi ikamate. Kwa pamba, ushauri huo hausaidii. Siki hufanya kazi kwa sufu, hariri na nailoni zilizotiwa rangi zake. Chumvi huisukuma rangi kuelekea kwenye uzi wakati wa kuloweka, lakini haifungi rangi iliyokwisha kukataa. Kinachotakiwa ni kuitoa ile ya ziada: suuza kwa maji baridi mpaka soda iishe, kisha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukibadilisha maji kila yanapobeba rangi. Nguo ingesuuzwa kwa maji ya moto zaidi. Kwa kiatu usizidi nyuzijoto 50 au hivi, uongeze tu idadi ya maji. Ikiwa rangi ni ile ya maji ya moto na chumvi, utokaji kidogo ni tabia yake ya kudumu, na kiatu kama hicho kisivaliwe na soksi nyeupe wala kulowekwa pamoja na nguo.

Unga mweupe baada ya kukauka

Ni chumvi au soda iliyosalia, au chumvi ya maji ya kisima. Suuza tena kwa maji ya mvua au ya bomba. Ukirudi baada ya mwezi wa kuvaliwa, ni jasho, na tiba ni hiyo hiyo.

Soli imebanduka, kiatu kimebana, mpira umechafuka

Joto ndilo linalohusika na mambo mawili ya kwanza. Gundi ya soli hulegea kwenye maji ya moto, na turubai ya pamba husinyaa. Kiatu kilichobana kiloweshe kidogo, kijaze vitambaa kwa nguvu na ukiache kikauke katika umbo hilo. Soli iliyoachia usiigandishe kwa gundi ya papo hapo, inayokuwa ngumu na kukatika unapokunja mguu. Mpelekee fundi viatu aigandishe kwa gundi yake na, ukiweza kulipia, aishone kuzunguka.

Mpira hukingwa kabla ya kazi kwa utepe wa karatasi wanaotumia mafundi rangi, na mafuta ya mgando kwenye pembe ambazo utepe haufiki. Mafuta yasiguse turubai, kwa maana yatazuia rangi. Ukichafuka tayari, sugua kwa dawa ya meno na mswaki. Spiriti huondoa mengi yaliyosalia. Jiki ni ya mwisho, kwa pamba iliyochovywa kidogo tu, na kiatu kikiwa kimeinamishwa ili tone lisipande juu.

Harufu ya ukungu

Mji wenye hewa nzito ya bahari haukaushi kiatu kinene kwa siku moja, hasa wakati wa masika. Bitana na soli ya ndani hubaki na maji muda mrefu baada ya nje kuonekana pakavu, na ukungu huanzia huko. Toa soli ya ndani na kamba, vianike peke yake, badilisha vitambaa vya ndani kila vinapolowa, na kiatu ukilaze ubavu mbele ya feni. Harufu ikiwa imeshaanza, kiatu kioshwe tena kwa sabuni na kukaushwa upya, maana kukinyunyizia manukato hakuuondoi ukungu uliomo.

Inapobidi kuanza upya, au kupaka

Kiatu cha pamba chenye mabaka yasiyokubali kusuuzwa kinaweza kutolewa rangi kwa haidrosalfaiti katika maji ya vuguvugu yenye soda ashi kidogo, penye hewa ya kutosha. Rangi nyingi hupauka nayo, ingawa baadhi hubakia na kivuli cha manjano, na uzi hauumii kama unavyoumizwa na jiki. Suuza, osha kwa sabuni, kausha, na urudie tone la maji kabla ya kukoroga rangi mpya.

Kwa poliesta tumia rangi ya akriliki iliyochanganywa na dawa yake ya kulainishia kwenye kitambaa. Ikipasuka mahali mguu unapokunjika, ilipakwa nene: ikwangue, kisha upake matabaka membamba matatu au manne, kila moja likiachwa likauke kabla ya lingine, huku kiatu kikiwa kimejazwa vitambaa ili turubai isiwe na mikunjo unapopaka.